Uvimbe wa tezi shingoni: sindano nyembamba, sindano nene au kutoa tezi nzima?

Karatasi ya daktari imeandikwa "uvimbe wa tezi, upimwe", na hapo ndipo familia nyingi za Tabora na Kigoma hukwama. Mmoja anasema sindano inatosha. Mwingine amesikia kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Wa tatu anauliza nauli ya Mwanza itatoka wapi. Mgonjwa mwenyewe amekaa kimya, anaupapasa uvimbe kwa vidole viwili kama anavyofanya kila asubuhi.

Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo, nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo, Tabora, kwa ajili ya mdogo wangu anayelima tumbaku Urambo. Tezi ilimtokea juu ya mtulinga wa kushoto. Haikuuma, na kwa sababu haikuuma tukaiacha. Baadaye akaanza kulowa jasho usiku hadi anabadili shuka, suruali zikaanza kumpwaya. Ilituchukua miezi kumi na moja kulijua jina la ugonjwa, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilipotea kwenye swali hili la kipimo. Naandika ili wewe usiipoteze.

Hilo la kisu nilimalize kwanza: kutoa kinyama, yaani kipande cha tezi cha kupimwa, hakusambazi limfoma. Limfoma ni saratani ya seli nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ya kila siku ni kuzunguka mwilini, kwa hiyo haisubiri kisu ili isafiri. Na si kila tezi iliyovimba ni limfoma. Mtoki wa kinena mara nyingi unatokana na kidonda cha mguuni. TB ya tezi ni ya kawaida sana kwetu, virusi vya UKIMWI huvimbisha tezi, na saratani iliyoanzia kwingine inaweza kuhamia huko. Kipimo kinatenganisha haya yote.

Tutakavyozipima njia hizi

Kila njia nitaipitisha kwenye maswali yale yale: daktari wa patholojia, yule anayesoma seli na vinyama kwenye hadubini, atapata nini cha kutazama, mwili utalipa nini, majibu yatachukua muda gani, safari na fedha zikoje, na njia hiyo inamfaa nani. Swali la kwanza nalipa uzito kuliko mengine, na sababu yake ni dawa.

Limfoma si ugonjwa mmoja. Ziko aina kwa makumi, na matibabu hufuata jina. Aina iliyoelezwa na Thomas Hodgkin huko London mwaka 1832 kwa miaka mingi imetibiwa kwa mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa ABVD, uliotengenezwa Milan miaka ya 1970 na Gianni Bonadonna na wenzake. Dripu zake hutolewa siku ya 1 na ya 15 ya kila mzunguko wa siku 28. Limfoma ya seli kubwa za B, ambayo ni ya kawaida zaidi kwa watu wazima, hutibiwa kwa mchanganyiko mwingine wa dawa uitwao CHOP kila baada ya siku 21, na pale inapopatikana huongezwa rituximab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wazee waliopewa rituximab juu ya CHOP waliishi zaidi kuliko waliopewa CHOP peke yake. Lakini rituximab hushika seli zenye alama iitwayo CD20. Seli za Hodgkin kwa kawaida hazina alama hiyo au zinayo kidogo, zenyewe hubeba CD30. Kutibu bila kujua seli imebeba alama gani ni kurusha jiwe gizani, na jiwe lenyewe ni la gharama.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza sindano au kisu, jiulize: je, kitakachotolewa kitatosha kumpa daktari jina, na siyo neno "saratani" tu?

Sindano nyembamba

Ni sindano ya ukubwa ule ule wa kutolea damu, au ndogo zaidi. Daktari anaishika tezi kwa vidole, anachoma, anavuta, anapaka kwenye vioo. Dakika kumi umemaliza na unarudi nyumbani kwa miguu. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Anachokiona mtu wa maabara kwenye hadubini ni seli zilizotawanyika. Sisi watu wa asali tunaweza kulielewa hili vizuri: ni kama kuchota nyuki watano mlangoni mwa mzinga. Utajua ni nyuki, pengine utajua ni wakali, lakini masega yamepangwaje ndani hujui. Na limfoma nyingi hutambulika kwa mpangilio wa masega. Katika limfoma ya Hodgkin, seli zenyewe za saratani mara nyingi ni kama 1 kati ya seli 100 za tezi, hizo nyingine ni seli za kawaida zilizokuja kuizunguka. Sindano inaweza kupita kando yao kabisa, majibu yakaandikwa "tezi imevimba tu". Ndivyo yalivyoandikwa ya mdogo wangu. Hayakuwa uongo. Sindano haikuzikuta.

Mwongozo wa kimataifa unaojulikana kwa jina la Lugano, uliochapishwa mwaka 2014, unasema sindano nyembamba haitoshi kuthibitisha limfoma kwa mara ya kwanza. Lakini isidharauliwe, kwa sababu ina mambo mawili inayoyafanya vizuri.

La kwanza ni TB. Majimaji yaliyovutwa kwenye tezi yanaweza kuwekwa kwenye mashine ya GeneXpert, na jibu likatoka ndani ya saa mbili. Wakikuta TB, umeokoa kisu na safari, na dawa za TB ni bure. Wasipoikuta haimaanishi haipo, maana kwenye tezi vimelea huwa vichache.

La pili ni mtoto mwenye taya linalovimba kwa kasi, meno yanalegea, au tumbo linalojaa. Hiyo inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, ambayo seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Seli zake zina sura inayotambulika, na katika hospitali nyingi za Afrika sindano nyembamba imetumika ili mtoto aanze dawa haraka. Kwa mtoto huyo, kusubiri upasuaji wa wiki ijayo kunaweza kuwa kumchelewesha.

Upande wa fedha, ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na majibu yanaweza kutoka siku hiyo hiyo kama msomaji wa vioo yupo. Inamfaa anayeshukiwa TB, anayeshukiwa saratani iliyohamia kwenye tezi, aliyetibiwa limfoma zamani na sasa wanaangalia kama imerudi, na mtoto wa dharura. Mtu mzima ambaye tezi yake imekaa wiki sita na haipungui, achukulie jibu lake la "kawaida" kama hatua ya kwanza tu.

Sindano nene

Hii inakata kipande. Ngozi huwekwa ganzi, sindano yenye mlio kama wa stepla huingia, na hutoka na kijiti cha nyama chembamba kama njiti ya kiberiti, urefu wa sentimita moja au mbili. Vizuri vitoke vijiti kadhaa, na vizuri daktari aongozwe na ultrasaundi.

Hapa umepata kipande cha sega. Mpangilio unaonekana kwa sehemu, na kinyama kinaweza kupakwa dawa za kuonyesha alama za CD20, CD30 na nyinginezo. Mara nyingi kinatosha. Tatizo huja kijiti kikiwa kimoja, kikapondeka, au kikiangukia sehemu iliyokufa ya uvimbe, na hapo utaambiwa urudi.

Mwili hulipa kidogo: maumivu ya siku mbili, uvilio wa damu, mara chache kutokwa damu nyingi. Majibu huchukua muda sawa na ya tezi nzima, kwa kuwa kinyama lazima kikae kwenye fomalini, kigandishwe kwenye nta, kikatwe, kipakwe rangi. Kazi yenyewe ni ya siku chache. Foleni na barabara ndizo huifanya wiki.

Nguvu ya njia hii ni pale kisu kisipofika kwa urahisi. Tezi ziko ndani ya tumbo, nyuma ya matumbo. Au uvimbe uko kifuani katikati ya mapafu, mgonjwa hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Mtu wa namna hiyo kumpa nusu kaputi ni hatari, na ni lazima amwambie daktari mapema kwamba analala ameegemea mito. Sindano nene chini ya ganzi inaweza kumuepusha na hatari hiyo. Pia inamfaa mzee mwenye moyo dhaifu. Kabla ya kuikubali uliza jambo moja: nani anaifanya hapa, na anafanya mara ngapi? Kama jibu ni kwamba mtaalamu yuko Mwanza au Dodoma, basi gharama ya njia hii kwako ni nauli na malazi, siyo sindano.

Kutoa tezi nzima

Ni upasuaji mdogo. Kwa tezi ya shingo au kwapa ya mtu mzima, ganzi mara nyingi inatosha, na mtoto kwa kawaida hulazwa kwa nusu kaputi. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi, kovu hubaki.

Daktari wa patholojia hapa anafunguliwa mzinga wote. Anaiona ganda ya tezi, anaona kama mpangilio wa kawaida umebaki au umefutika, na ana kinyama cha kutosha kurudia vipimo bila kumuita mgonjwa tena. Kwa mtu anayeishi Kaliua au Kibondo, hilo la kutorudi ni jambo kubwa. Ndiyo maana mwongozo wa Lugano unaitanguliza njia hii pale inapowezekana.

Mwili unalipa zaidi kuliko kwenye sindano. Kidonda kinaweza kuota usaha. Upande wa nyuma wa shingo unapita mshipa wa fahamu unaosaidia kuinua bega, ukikatwa kwa bahati mbaya mkono unakuwa mzito kunyanyuka, na kwa mkulima hilo si dogo. Mwombe daktari mpasuaji, siyo mwanafunzi aliyeachwa peke yake. Na tezi zikiwa nyingi, achague ya shingoni au ya juu ya mtulinga kabla ya ya kinena, kwa sababu za kinena huvimba kwa vidonda vya miguu na huweza kutoa jibu lisilosema kitu.

Upasuaji wa aina hii hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Kitete kwetu au Maweni kule Kigoma, ndipo pa kuulizia kwanza. Kinachosafiri basi si lazima awe mgonjwa, kinaweza kuwa kichupa tu. Unamfaa mtu mwenye tezi ya juu inayoshikika, aliyekwisha kuchomwa sindano bila jibu, au ambaye uvimbe haukupungua kwa dawa za TB.

Kichupa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi tulipoumia. Tezi ya mdogo wangu ilitolewa vizuri, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Ikawekwa kwenye maji ya chumvi, ndani ya kichupa cha dawa chenye mdomo mwembamba, tukakabidhiwa. Mama alikipakata kwenye basi kupitia Nzega na Shinyanga, amekifunga kwenye kitambaa, hakuthubutu hata kusinzia. Kilipofika maabara kilikuwa na siku mbili, kinanuka. Yule kijana wa mapokezi alikiinua kwenye mwanga, akamtazama Mama, akasema taratibu, "Mama, hiki kimeshaoza." Mdogo wangu alikatwa tezi ya pili mwezi uliofuata.

Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 mara tu kinapotoka, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Tezi kubwa ipasuliwe kati ili dawa iingie ndani. Mdomo wa kichupa uwe mpana, maana fomalini hukakamaza nyama, na kilichoingia kikiwa laini hakitoki kikiwa kigumu. Isiwe spiriti. Isiwe maji. Jina, tarehe na mahali tezi ilipotolewa viandikwe kwenye kichupa chenyewe, siyo kwenye kifuniko. Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Ukiwa umekishika mkononi, una haki ya kuuliza.

Lingine linaloharibu kipimo, chochote utakachochagua, ni prednisolone. Dawa hii huyeyusha limfoma kwa muda. Tezi inanywea, mgonjwa anapata nafuu, kinyama kikitolewa hakionyeshi kitu, kisha ugonjwa unarudi. Ukiandikiwa vidonge hivyo kabla ya kipimo, muulize daktari kama kinyama hakiwezi kutangulia. Akisema hali ni ya hatari na haisubiri, mfuate, ila hakikisha wanaopima wanajua umezinywa.

Na hicho kipimo cha damu kinachozungumzwa?

Wengine wamesikia kwamba siku hizi limfoma inapimwa kwa damu. Lina ukweli wake, na lina historia ya huku kwetu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka Afrika Mashariki na nchi za kusini, zaidi ya kilomita 15,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali uvimbe huo unaonekana wapi. Mwaka 1964, ndani ya seli za uvimbe ule, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Vinasaba vya kirusi hicho, pamoja na vya saratani yenyewe, huvuja kwenye damu. Utafiti uitwao AI-REAL, wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na watafiti wa Tanzania na Uganda, umekuwa ukiangalia kama bomba la damu linaweza kufupisha njia ya majibu kwa watoto na vijana wenye limfoma zinazohusiana na kirusi hicho, likilinganishwa na kinyama.

Kwa maswali yetu yale yale: linatoa alama za vinasaba na haliuonyeshi mpangilio wa tezi, mwili hulipa tone la maumivu, haraka yake ni nzuri pale mashine ipo. Lakini ni kipimo cha utafiti, hakiagizwi kama kipimo cha malaria. Kinamfaa mgonjwa aliyealikwa na watafiti kwenye hospitali kubwa, kikienda sambamba na kinyama. Ukialikwa, uliza kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama kuna dawa mpya inayojaribiwa, uliza pia cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Somewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili hadi uielewe. Unaweza kukataa, unaweza kujitoa katikati, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Mimi ningekubali. Dawa nne alizotundikiwa mdogo wangu zilijulikana kwa sababu wagonjwa wengine, mbali na hapa, walikubali kupimwa nazo.

Kulingana na hali yako

Tezi ina wiki mbili, una kidonda au jino bovu: tibu hicho kwanza, usikimbilie kinyama. Ikifika wiki nne hadi sita haijapungua, au iko juu ya mtulinga, au una homa, jasho la usiku na umepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito ndani ya miezi sita, omba kipimo bila kusubiri zaidi.

Una kikohozi au umeishi na mgonjwa wa TB: anza na sindano nyembamba na GeneXpert. Ukianzishiwa dawa za TB bila kimelea kuonekana, muulize daktari siku hiyo hiyo ni lini atakuangalia tena na atafanya nini tezi ikiwa ile ile. Kweli, TB ya tezi yenyewe inaweza kuvimba kwanza ndipo ipungue, kwa hiyo usiache dawa kwa hasira. Lakini tarehe iandikwe kwenye kadi. Sisi hatukuiuliza, tukamaliza dozi ya miezi sita.

Tezi inashikika na sindano haikusema kitu: zungumza habari ya kutoa tezi nzima hapa hapa mkoani, kisha kichupa kisafiri. Uvimbe uko ndani, au huwezi kulala chali: omba rufaa ya sindano nene, hospitali ya Bugando kule Mwanza au kwingine daktari atakakoelekeza. Mtoto ana taya au tumbo linalokua kwa siku: usikae kikao cha ukoo, beba mtoto leo, sindano yoyote itakayotoa jibu la haraka inatosha kuanzia, na waulize hospitali wapige simu mbele kabla hamjapanda basi.

Fedha ikiwa ndiyo kizuizi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali kabla ya siku ya upasuaji, siyo baada ya bili kutoka. Mwenye bima ahakikishe rufaa imejazwa, la sivyo atarudishwa dirishani.

Na yoyote utakayochagua, usitoke mlangoni bila namba ya sampuli na namba ya simu ya maabara. Ya mdogo wangu bado ipo, kwa kalamu ya bluu nyuma ya kadi yake ya kliniki. Nilipiga mara nne. Mara ya nne walisema majibu yapo, yalikuwa tayari tangu Jumatatu.